Mupini ya Kufika ku Kifua

Lundi 4 desemba 1995

Nimeanza hii cahier juu Tante Bibiane anasema mudomo yangu inamuchokesha, afazali niongee na karatasi. Bon. Karatasi, yambo.

Miye ni Mauwa, miaka vingt, makumi mbili, wa Bukavu. Niko Berchem, ku Belgique, tangu mwezi ya tisa. Nilikuya juu ya Tonton Polycarpe, kaka mukubwa ya mama yangu, bwana ya Tante Bibiane. Mafigo yake ilikufa, donc siku tatu ku juma, lundi, mercredi na vendredi, anaenda ku hospitali, mashini inamuosha damu. Motokari inakuya kumukamata six heures quarante, saa kumi na mbili na dakika makumi ine ya asubui. Dereva, Modeste, muntu wa Lubumbashi, anabebaka bagonjwa bane. Kama dakika tano zinapita haujafika ku motokari, anaenda. Haiko roho mbaya. Bale batatu bengine nabo damu yabo inangojea.

Kutoka ku mulango mpaka ku barabara: escalier tatu, ni kusema ngazi, kisha mawe ya sima quatorze, kumi na ine, inateremuka kidogo. Nimeihesabu. Tonton anatembea na fimbo, dakika ine. Kazi yangu njo ile, zile dakika ine.

Leo asubui kitu cheupe ilikuwa juu ya mawe, nyembamba sawa unga ya fufu yenye imemwangika. Katekista wetu alikuwa anaiita theluji. Hapa ni neige. Nilitoka miguu wazi kuigusa.

Tante: "Mauwa, weye ni mutoto ao ni muntu mukubwa?"

"Leo mutoto, Tante."

Nikaifagia na fagio ya cuisine, ile ya jikoni. Dakika mbili. Kazi rahisi sana, sijue Babelgique banalalamikaka nini.

Mercredi 6 desemba

Mvua. Hakuna kitu.

Dimanche 10 desemba

Leo nimefungua radio ya Tonton yenye haikuwa inaongea, nikaunga kamba moja, imeongea. Hakuna mwenye alinifundisha, nilisoma tu mu kitabu ya bricolage, kazi ya kutengeneza bintu ya nyumba, yenye haina ganda, niliiokota ku marché ya bintu bya zamani. Mu ile kitabu iko page sita juu ya neige. Page sita. Nilifikiri fagio inatosha. Kumbe iko pelle, ile sepeto, ya kusukuma, pelle ya kubeba, ya kukwangula, na fagio ya nywele ngumu. Nilisomea Tonton kwa sauti.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Ile ni bintu bya bantu benye banabakia."

Mu corridor, mbele ya mulango ya cave, chumba ya chini ya nyumba, kuko ba-valise tatu. Zimejaa manguo, zimefungwa na kamba. Ziko pale tangu quatre-vingt-treize, miaka mbili sasa. Kila mwaka Tonton anasema hii njo hiver, musimu ya baridi, ya mwisho, mwezi ya tatu tunarudia Bukavu. Kila mutu mwenye anaenda ku cave anaruka ba-valise sawa mbuzi. Miye nilifikiri ni mazoea ya bazee. Tante njo alinifasiria, tukiwa tunachambua maharagi: "Kule kwetu hakuna ile mashini, Mauwa. Anajua. Ninajua. Sasa na weye unajua. Endelea kuchambua."

Mercredi 27 desemba

Neige ya kweli. Ilifika ku kisigino. Fagio ya cuisine ilivunjika pale pale, fiu, mupini ilibakia mu mukono yangu. Nikakimbia ku cave (kuruka valise), nikakamata pelle ya makala, ile ya kuchotea makaa. Ni ndogo sawa sahani, mupini yake inafika ku goti. Ninainama, ninachota, ninatupa, neige inanata, haitoki ku chuma, ninapiga pelle chini, ninainama tena. Mawe quatorze, dakika quarante-cinq, karibu saa muzima. Nilimaliza six heures trente-huit, dakika mbili tu mbele ya saa yake. Modeste alikuwa amesimama ku motokari, mikono mu mifuko.

"Ee, mutoto ya Bukavu. Banakivu, bantu ba milima, na kilima kidogo sawa hii inakushinda?"

"Shuka weye unisaidie, mutu ya Katanga. Si munasemaka ninyi njo benye chuma?"

"Mi niko chauffeur. Chauffeur hachimbe."

Tonton alipita katikati yetu na fimbo yake, polepole, bila kuangalia mutu. Mugongo yangu inawaka, lakini alipita.

Jeudi 28 desemba

Niliuliza Tonton franga ya pelle. "Hatununue."

Vendredi 29 desemba, na samedi

Ninaandika zote mbili pamoja juu jana sikukuwa na mukono ya kuandika.

Jana nilisikia maji inamwangika. Cinq heures et demie, saa kumi na moja na nusu. Nilifikiri ni mu bafu. Nilishuka, nikakuta mulango wazi na Tante Bibiane eko inje na peignoir ya kulala na manteau ya Tonton juu yake, ameshika casserole kubwa yenye tunapikiaka sombe ya sikukuu. Mvuke inapanda. Aliamuka mbele yangu, akachemusha maji na sabuni, akamwanga juu ya mawe yote, kisha akasugua na brosse, sawa vile tulikuwaka tunaosha barza ku Bukavu mbele ya wageni kufika. Mawe yote nyeusi, safi, inangaa.

"Angalia," akasema. "Na weye unasumbuka na pelle."

Ninakubali: ilikuwa mzuri kuangalia. Nilisema aksanti, nikarudia kumuvalisha Tonton soksi. Nilikuwa na furaha ya kulala dakika ishirini zaidi.

Six heures quarante, Modeste anafungua portail, anaweka muguu ku jiwe ya kwanza ya upande wake, na muguu inaenda bila yeye. Alianguka matako, akateremuka mpaka ku portail tena. Alibakia amekaa pale, kofia ku macho.

"Nani amepaka hii njia sabuni?"

Tante alikuwa nyuma yangu. Nilishuka escalier moja, nikashika ukuta. Maji ilikuwa imegeuka kioo. Sabuni ilikuwa ndani ya kioo, unaona mapovu ndani yake.

Modeste alijaribu na magoti. Akafika jiwe ya nane, akarudia. Akasimama ku barabara, akaangalia saa. Hakuwa anacheka tena.

"Papa Polycarpe," akaita kwa heshima. "Mi siwezi kukubeba juu ya hii. Tukianguka wawili, mufupa yako itavunjika. Na bale batatu beko mu motokari."

Tonton alikuwa amesimama mu mulango, amevaa kofia, amefunga écharpe. Akasema: "Enda, mwanangu. Wafikishe."

Motokari ikaenda.

Nilikamata marteau, ile nyundo, na kipande ya chuma, nikapiga kioo mpaka neuf heures, saa tatu ya asubui. Nimevunja jiwe moja ya sima, ya tano, kona yake. Vidole bilitoa damu. Tante alikuwa anasimama mu escalier na casserole tupu, hakuwa anajua ataiweka wapi. Nikamuambia maneno. Nikamuambia: "Hii ni baridi, Tante, haiko Bukavu, maji ya moto hapa ni mutego." Nikasema na mengine yenye sitaandika. Akaingia mu nyumba.

Kisha akatoka na ndoo ya majivu ya poêle, jiko yetu ya makala. Majivu yake. Anaichunga sawa mali, anasuguliaka ba-sufuria mpaka unajiona uso ndani. Akainama, akaanza kumwanga jiwe moja moja, na mukono, sawa kupanda mbegu. Nikaweka muguu juu. Muguu ikakaa.

Ndoo moja ya majivu. Ilikuwa ku cuisine siku zote.

Hospitali ilisema Tonton akuye samedi, treize heures, saa saba ya muchana, kuko nafasi. Leo asubui uso yake ilikuwa imejaa maji, macho ndogo. Alilala amekaa ku kiti juu akilala chini anakosa pumzi. Alisema tu chai ilikuwa na sukari mingi. Modeste alikuya na motokari yake mwenyewe, ni siku yake ya kupumzika. Alipita juu ya majivu kwa vidole sawa muntu anaingia mu nyumba yenye kuko mutoto amelala. Akamushika Tonton mukono, mawe quatorze, tukafika.

Wakati nilirudia, Tante alikuwa amekaa. Akasema: "Nilitaka ulale kidogo. Niliona mugongo yako."

Nilienda kusugua ile casserole.

Lundi 1 janvier 1996

Bonne année, karatasi. Majivu, Tonton, motokari. Alipita.

Samedi 6 janvier

Sasa miye ni inspecteur. Ninazunguka Berchem yote kuangalia watu banafanya na nini. Muzee mwenye béret anatumia pelle ya chuma ya jardin, ya bustani: inapasua neige ya kukanyagwa muzuri, lakini ni nzito. Bale bafanyakazi ba commune banatupa chumvi. Voisine yetu, jirani, Madame Cécile, mwenye anatuangaliaka nyuma ya rideau, pazia yake, eko na kitu ya mbao, pana sawa mulango ya kabati, na mupini mrefu. Habebe kitu. Anasukuma tu, kwa upande, sawa anapitisha fer juu ya nguo. Muzee wa miaka soixante-quinze, makumi saba na tano, na ananipita mbio. Ninamuchukia kidogo.

Nilimuambia Tonton juu ya chumvi. Alikuwa agronome, fundi wa kulima, ku shamba ya Mulungu upande ya Bukavu miaka vingt-deux, kitu ya udongo tu njo inamufungua mudomo. "Chumvi inashuka mu udongo. Fasi ya mboga ya lengalenga ya Tante yako, pale pembeni ya njia, haitatoa kitu miaka mbili. Majivu, ndiyo. Majivu ni chakula."

Miaka mbili, alisema. Sikumuonyesha kama nimesikia.

Dimanche 14 janvier

Nilishuka Porte de Namur, nikaenda kusuka nywele ku Matonge, mutaa ya bantu ba kwetu. Nikauliza salon yote: pelle inanata, nifanye nini? Banacheka mpaka banaacha kusuka. Moja, Priscille, akasema: "Si upake mafuta? Kikaango ikinata unafanya nini?" Wote banacheka tena. Miye sikucheka. Ni akili, ile.

Mercredi 17 janvier

Neige ya vidole tatu. Nilipaka pelle ya makala mawese. Inateleza yenyewe, neige inaruka, nilikuwa ninaimba. Dakika trente, nusu saa. Tonton alipita.

Huit heures, saa mbili ya asubui, wanagonga. Madame Cécile, na pantoufles za nyumba mu neige, mukono ku kifua. Anauliza kama Monsieur amejeruhiwa, kama tunataka ambulance. Sikufahamu. Akaonyesha njia: pande zote mbili, neige yote iko na madoa nyekundu-nyekundu, toka escalier mpaka barabara.

Nikamuletea chupa ya mawese anuse. Nikamufasiria na mikono. Aliangalia chupa, akaniangalia miye, kisha akaanza kucheka, muzee ule, akashika ukuta. Tante akamukalisha, akamupa chai. Alikuwa anaangaliaka nyuma ya rideau, alisema, kuona kama Monsieur amefika ku motokari. Bwana yake alikuwa pia anaendaka ku mashini, zamani. Kila siku ya mashini yetu anaamuka six heures et demie kuangalia. Kama amefika, anarudia kulala.

Akanifundisha kabisa, kidole juu ya meza: neige ya mupya unaisukuma mbele ya muntu kuikanyaga. Ikisha kanyagwa, unaikwangula na chuma. Ikisha kuwa glace, ile kioo, majivu, kungojea. Na kwa kuteleza, haiko mafuta, ni bougie, mushumaa. Unasugua bougie ku chuma.

Lundi 22 janvier

Niko ninachota, nikasikia koko ku kioo ya dirisha. Ni Tonton, ndani, ananifanyia ishara ya kusimama. Anafungua dirisha, na ile baridi.

"Mauwa. Unalima ao unaomba musamaha?"

"Tonton?"

"Mugongo yako. Hakuna mukulima mwenye ningemuachia mupini sawa ile hata saa moja. Ni ya mutoto ya kucheza." Akafunga. Akafungua tena. "Samedi tutaenda kuangalia pelle. Kuangalia tu."

Samedi 27 janvier

Modeste alitufikisha ku quincaillerie, duka ya bintu bya chuma, ya Monsieur Antoine, pembeni ya kanisa. Tonton aliingia sawa muntu anaingia mu ofisi yake. Nilimujua mugonjwa tu, huyu sikumujua.

Monsieur Antoine aliweka pelle tatu juu ya comptoir, meza ya duka. Tonton akaanza na ya plastique. Akaipinda na kidole gumba. "Nyepesi, muzuri. Lakini siku ya baridi mingi mudomo yake itapasuka, haina chuma mbele." Ya pili, acier, chuma nzito, ya pembe ine. Akainyanyua, akairudisha. "Hii inabeba neige na inakubebesha mugongo. Ni ya muchanga." Ya tatu, aluminium, pana, imepindika kidogo, na kipande ya acier ku mudomo, mupini ya mbao. Akaweka kidole chini ya mupini, akatafuta fasi inasimama bila kuanguka. Akaangalia mishipa ya mbao, kama inaenda sawa mpaka mwisho. Akainusa hata.

Modeste ananiongelesha polepole: "Muzee anaoa pelle?"

"Nyamaza."

"Mauwa, kuya simama hapa." Akasimamisha pelle mbele yangu. Mupini ilifika ku kifua, chini kidogo ya bega. "Hapa. Ikiwa chini, unainama. Ikiwa juu, mikono inachoka. Mupini inapimiwa ku mwenye kulima, haipimiwe ku mwenye shamba." Macho yake ilikuwa inangaa. Monsieur Antoine alikuwa ameacha mushteri mwengine, anasikiliza.

Nilikuwa tayari kuibeba. Tonton akaiangalia tena. Kisha akairudisha ku ukuta, polepole, fasi yake.

"Pelle muzuri," akasema. "Hatununue."

Nilikasirika mpaka masikio inawaka, juu niliona: haikuwa franga. Aliogopa ile pelle kuliko mashini.

Vendredi 2 février

Chandeleur, sikukuu ya mishumaa. Tante alirudia na bougie ya baraka toka misa. Nikaikamata, nikaanza kusugua ku pelle ya makala.

"Mauwa. Bougie ya baraka, unaipakaa ku pelle?"

Tonton toka ku kiti yake: "Acha apakae. Si ni njia yangu?"

Tante aliwaza. Akaikata katikati. Nusu kwa Bikira Maria, nusu kwa pelle.

Lundi 5 février

Tonton alirudia mwenye kuchoka sana. Akasema kwa Tante, alifikiri sisikii: "Mwezi ya tatu, Bibiane. Kweli, hii mara." Tante akamujibu: "Kunywa dawa yako." Kisha Tante akaenda mu corridor, nikasikia anakaza kamba ya valise moja. Ao anailegeza. Sikuweza kujua.

Mercredi 7 février

Nilifungua mulango, escalier haziko. Neige ilikuwa imefunika zote tatu, na fasi ya njia ilikuwa sawa fasi ya jardin, yote moja. Na ilikuwa bado inaanguka. Cinq heures.

Nilianza. Bougie inasaidia, lakini sahani ni sahani. Ninafika jiwe ya sita, ya kwanza imejaa tena. Six heures, jiwe ya saba. Tante anamwanga majivu nyuma yangu. Six heures vingt, ya nane. Nilianza kulia kidogo, ya hasira, maji inaganda ku shavu. Nilikuwa ninahesabu: mercredi akikosa, vendredi ni mbali.

Nikasikia shuuu. Toka upande ya barabara. Madame Cécile, na manteau juu ya chemise de nuit, nguo ya kulala, na kitu yake ya mbao, anasukuma. Hakusalimia. Jiwe ya quatorze, ile ya mwisho, kisha treize, douze. Kisha Modeste akafika, akaacha phare ya motokari inawaka, akamunyanganya ile mbao kwa adabu. "Pardon, Maman, leta."

"Si chauffeur hachimbe?" nikamuambia.

"Funga mudomo, chota."

Tulikutana ku jiwe ya tisa. Six heures quarante-quatre, kulibakia dakika moja. Mu motokari bagonjwa batatu bamefuta kioo, banaangalia. Tonton akashuka escalier. Akatembea na fimbo yake katikati ya kuta mbili za neige, akapita Tante na ndoo, akapita miye, akafika kwa Madame Cécile, akatoa kofia. Dakika ine.

Saa saba ya muchana ninasikia motokari. Ninatoka kumupokea. Siku ya mashini anarudiaka mweupe, hawezi kusimama, tunamushika pande mbili. Modeste akafungua mulango ya nyuma, akatoa mikono juu: "Miye nilikataa. Alisema ku quincaillerie ao analala mu motokari."

Tonton alitoka. Fimbo mu mukono ya kushoto. Mukono ya kuume, ile pelle, mudomo chini, anaiegemea. Alikuya juu ya mawe polepole-polepole, tok, tok, mupini ilikuwa mrefu kwake, inamupita bega. Aliponifikia akanipatia.

"Ni ya kipimo yako," akasema. Akaenda kulala.

Jeudi 8 février

Leo aliweka fer ya kuchochea makala ndani ya poêle mpaka ikakuwa nyekundu. Akaniomba kushikilia mupini. Akachoma alama: P, na mustari chini. Nyumba ilijaa harufu ya mbao. Ku Mulungu, aliniambia, kila jembe ilikuwa na alama ya mwenyeji, juu ba voisin banaazima na kusahau. Lakini hawakuchomaka kwa jembe ya kuazima, ao ya musimu moja. Ni kwa ile ya kubakia tu.

Nikauliza kwa nini haiko M, si miye njo mwenye kulima.

"Mupini ni yako. Alama ni ya mwenye nyumba."

Lundi 19 février

Neige usiku muzima. Nilisukuma, sikubeba. Dakika douze, kumi na mbili tu, nimesimama wima. Kisha nikafanya ya Madame Cécile pia, mbele aamuke. Modeste alifika, akaangalia mawe, akatafuta kitu ya kunichekelea, hakupata. Tonton alipita.

Samedi 9 mars

Jua. Maji inashuka ku gouttière ya paa tangu asubui. Tante alienda kuangalia fasi ya lengalenga, akachovya kidole mu udongo, akarudia anaimba.

Niliosha pelle, nikaipangusa, nikapaka bougie yenye ilibakia. Nikauliza Tonton niiweke wapi. Mwezi ya tatu njo hii. Nilikuwa ninaogopa kuuliza.

Alikuwa anasoma gazeti. "Fasi yenye tutaipata hata kama ni giza. Nyuma ya mulango ya cave."

"Tonton, kule haifunguke muzuri. Kuko ba-valise."

Aligeuza page. Aliisoma yote, ninafikiri, ao hakuisoma hata kidogo.

"Basi ondosha kwanza ba-valise," akasema. "Bibiane atazifungua. Ile manguo itakuwa inanuka."